Jalada lazima liwe na mwenyewe

Mwanangu Hemedi,

Marahaba. Nashukuru Mungu bega linapata nafuu. Umeniuliza kesi ya kugongwa na gari uwape wale mawakili wakubwa wenye mabango, au wale wawili wenye kiofisi karibu na Preston Highway, jirani na kwako. Mabango nayakumbuka. Nilipokuja Louisville niliyasoma njia nzima tangu uwanja wa ndege.

Nikuulize kwanza mimi: huko kwenye ofisi kubwa umeongea na nani? Wakili mwenyewe, au binti wa mapokezi? Umetajiwa jina la atakayeshika jalada lako? Jalada lazima liwe na mwenyewe, Hemedi.

Unajua naelekea wapi. Kesi ya kiwanja chetu cha Pongwe, Tanga. Wewe ulikuwa kidato cha pili, hatukukueleza yote. Marehemu baba yako alimtaka wakili wa Dar es Salaam, kwa kuwa kila mtu alimsifu. Ada tuliipata kwa kuuza ng'ombe wawili wa bibi yako. Mara ya kwanza alikuja mwenyewe. Mara ya pili akamtuma kijana wake. Baada ya hapo kesi ikawa inapigwa kalenda tu, nami naomba ruhusa shuleni, nakaa kwenye benchi la mahakama tangu saa mbili, natazama lango.

Siku ile baba yako alikuwa amelazwa hospitali ya Bombo. Jina lake likaitwa, nikasimama nikasema wakili yuko njiani. Sikuwa na hakika hata kidogo, nilitamani tu iwe hivyo. Kesi ikafutwa. Nikapiga simu Dar, na aliyepokea akaniomba nimtajie jina la baba yako herufi kwa herufi. Herufi kwa herufi, baada ya miaka miwili! Mpaka leo nikikumbuka, mkono unatetemeka. Aliyeirudisha kesi ni yule wakili mzee wa Ngamiani, hapo hapo mjini, ambaye baba yako alimwona mdogo. Kila asubuhi alikuwa mahakamani, na maombi aliyaandika juma lile lile.

Lakini nisikuamulie kwa kidonda changu. Pengine kosa halikuwa ukubwa wa yule wakili, lilikuwa umbali. Au lilikuwa letu, tulioona aibu kumuuliza. Na kampuni ya bima haitakuonea huruma. Ofisi kubwa ina fedha za kuwalipa madaktari waje kutoa ushahidi, na inaweza kusubiri. Ofisi ndogo yenye kodi ya kulipa inaweza kukusukuma ukubali kidogo, yaishe. Hilo nalo ni kweli. Bado nasema jalada lazima liwe na mwenyewe.

Wote watafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kentucky, uone kama wana leseni. Chama cha mawakili cha Louisville nacho huwaelekeza watu kwa wakili, kama hawa wote hawatakuridhisha. Kisha soma mkataba. Wakili anayelipwa kwa asilimia ya fidia lazima akuandikie, nawe utie saini, na karatasi iseme gharama zinatolewa kabla ya fungu lake au baada. Usiruke hapo, nimefundisha hesabu miaka thelathini. Tuseme fidia ni dola 30,000, gharama 3,000, naye anachukua theluthi. Gharama zikitoka kwanza, unabaki na 18,000. Zikitoka baada ya fungu lake, unabaki na 17,000. Dola 1,000 nzima imekaa kwenye neno moja.

Kentucky inakupa miaka 2 kufungua kesi ya ajali ya gari, kwa hiyo asikuharakishe mtu usaini leo. Wala usilale.

Jina la ninayemtaka liko mdomoni, na wewe umeshalijua. Silitaji. Bega ni lako, na baba yako alipochagua sikutaka kumvunja moyo, nikanyamaza nilipotakiwa kuuliza. Wewe uliza. Nenda kwa wote wawili Jumatatu, kaa nao, eleza ajali mpaka mwisho. Subiri siku tano, uwapigie tena bila kutaja namba ya jalada. Halafu uniambie ni nani aliyekuuliza jina lako linaandikwaje.

Mama yako