Orodha mbili zikikutana, ipi ni ndogo?

Nilipokuwa naandika intapreta yangu ya kwanza, yaani programu inayosoma na kutekeleza amri za lugha ya kompyuta, hapa Kampala, kosa lililonitesa kuliko yote lilijificha katika mistari michache tu: ile ya kulinganisha orodha mbili kwa alama ya <, yaani “ndogo kuliko”. Vijana ninaowafundisha nao huanguka palepale.

Nilihifadhi tarehe kama orodha ya mwaka, mwezi na siku. Uhuru wa Uganda ni [1962, 10, 9]. Katiba yetu ya sasa ni [1995, 10, 8]. Nikauliza kama Uhuru ulitangulia: hapana. Nikageuza swali, je, Katiba ndiyo iliyotangulia? Hapana. Basi ziko sawa? Hapana tena! Kumbe nilikuwa nadai kila namba ya kushoto iwe ndogo kuliko inayoikabili kulia, na miezi inafanana, na 9 haipungui 8.

Kanuni sahihi ni ile ya kamusi. Ifungue. “Mamba” hutangulia “mbu”, ingawa mbu ni fupi, kwa sababu herufi ya pili imekwisha kuamua na zinazofuata hazina kauli. Urefu huulizwa pale tu neno linapoisha bila tofauti kuonekana, kama “mto” na “mtoto”: fupi hutangulia. Kwa hiyo orodha tupu hutangulia kila orodha yenye kitu.

Basi andika kitanzi, yaani amri zinazojirudia, kinachotafuta jozi ya kwanza isiyo sawa. Ukiipata, peleka swali la mtumiaji, liwe < au <= (ndogo kuliko au sawa), kwa jozi hiyo peke yake, na urudishe jibu lake. Lugha ya kompyuta iitwayo Python hufanya hivyo. Usikubali njia ya mkato ya kugeuza orodha kuwa maandishi: JavaScript, lugha nyingine, hufanya hivyo, ndiyo maana humo [10] < [9] ni kweli, maana herufi “1” hutangulia “9”.

Wala usipate <= kwa kukanusha > (kubwa kuliko). Ipo thamani inayoitwa NaN, isiyo namba halali, ambayo haiko sawa hata na yenyewe, wala si ndogo wala kubwa kuliko namba yoyote. Ukikanusha, itajibu kweli mahali pa uongo.

Namba ikikutana na neno, mimi hutoa kosa waziwazi. Python 2 ilijibu kimyakimya; Python 3 inakataa, na naona ilifanya vyema.

Siku hizi, kabla ya kuandika kitanzi chenyewe, naandika majaribio: Uhuru na Katiba, mto na mtoto, tupu na tupu.