Unakwenda kusomea ustawi wa jamii? Ngoja nikusimulie kilichonirudisha mwaka

Jumapili iliyopita ujumbe uliingia WhatsApp kutoka kwa binti wa Kasulu. "Shikamoo dada. Nimechaguliwa digrii ya ustawi wa jamii. Nipe mbinu nitoke na GPA kubwa. Na ajira zipo?" Nikamjibu marahaba, hongera sana, nitakuandikia. Nikarekodi sauti ya dakika nne, nikaifuta. Nikarekodi nyingine, nayo nikaifuta. Naona bora niandike hapa, maana wanaoniuliza swali hili ni wengi na kila mara najikuta nimekwepa sehemu ile ile.

GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu za chuo, ni 3.6. Naitaja mapema kwa sababu najivunia, na kwa sababu hadi leo naamini nilistahili zaidi ya hapo.

Kwetu Ujiji mimi ndiye wa kwanza kupanda treni kwenda chuo kikuu. Kilomita zaidi ya 1,200 kutoka mwisho wa reli mpaka Dar, kiroba cha dagaa chini ya kiti, na galoni la mawese ambalo lilianza kuvuja kabla hatujafika Tabora. Lile begi bado ninalo, na doa lake la rangi ya chungwa halijatoka. Baba mkubwa alinisindikiza stesheni akiwa amenuna. Yeye alitaka ualimu. "Ustawi wa jamii ndiyo nini? Unakwenda kusomea kuhurumia watu? Huruma inasomewa?"

Utaulizwa hivyo na wewe, jiandae. Wengine watadhani unasomea maendeleo ya jamii, na sikulaumu kama hata wewe unachanganya. Afisa maendeleo ya jamii utamkuta na vikundi, mikopo ya akina mama, hamasa ya kujenga zahanati. Afisa ustawi utamkuta na mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na mtu, wazazi wanaogombea matunzo, na kijana wa miaka 15 aliyefikishwa mahakamani ambaye hakimu anasubiri taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kuamua. Hizo ni kada mbili, hata kama korido ni moja. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ianze kuisoma sasa hivi ukiwa nyumbani, maana ndiyo itakayokulisha.

Mwaka wa kwanza sina la kusimulia. Saikolojia, sosholojia, madesa ya kutoa kopi, bumu (pesa ya mkopo wa chuo) linalochelewa. Utapita tu.

Mwaka wa pili tukafundishwa kanuni saba za Felix Biestek, padri Mjesuiti wa Marekani aliyeziandika mwaka 1957. Kumwona kila mteja kama mtu wa pekee, kumwacha atoe yaliyo moyoni, wewe kuzitawala hisia zako, kumpokea alivyo, kutomhukumu, kumwachia aamue mwenyewe, kutunza siri yake. Nilizikariri nikiosha vyombo. Kwenye testi nikapata 17 kati ya 20, na kipengele cha siri nilipata alama zote. Karatasi ile niliipiga picha nikamtumia mama.

Kisha ikaja fildi, yale mafunzo ya vitendo ofisini.

Nikaomba nifanyie nyumbani, mkoani Kigoma, ili nisilipe kodi ya geto. Ofisi siitaji. Nilipangiwa meza iliyokosa mguu mmoja, imeegemezwa kwa rimu za karatasi, na kazi yangu wiki mbili za kwanza ilikuwa kupanga mafaili na kutoa kopi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni mlangoni tangu saa mbili asubuhi, na mimi nilikuwa mmoja tu wa watu waliomhitaji. Wiki ya tatu akazidiwa, akaniambia, "Msikilize huyo mama, uandike, nitapitia baadaye."

Mama yule alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa na bahasha ya kaki aliyoikunja mara nne, ndani yake risiti za shule na kadi ya kliniki, na kila alipomaliza sentensi aliikunja tena. Alizungumza karibu saa nzima. Alichosema sikirudii hapa. Kumbe kuna uzito ambao wahadhiri hawakunitajia: ule wa kuwa mtu wa kwanza kuambiwa jambo. Alipoondoka, mikono yangu ilikuwa ya baridi. Msimamizi alikuwa ameitwa kikaoni. Kwenye logibuku, daftari la kuandika kazi ya kila siku, siku ile niliandika tarehe tu, nikafunga.

Jioni tulikuwa uani na mama mdogo, ungo wa dagaa katikati yetu, tunatoa mchanga na vijiwe. Akaniuliza, "Mbona umenyamaza, mwanangu?" Nikasema. Jina sikutaja, nilijiona mjanja kabisa. Nilisema tu "kuna mama mmoja", nikataja idadi ya watoto, nikataja mumewe amevuka ziwa akaenda Kalemie, Kongo. (Watoto na mahali nimebadilisha humu, msianze kuhesabu.) Mama mdogo akasikitika, akasema pole yake, tukaendelea na dagaa.

Mji wetu unaujua. Mtu mwenye watoto kadhaa na mume aliye ng'ambo hahitaji kutajwa jina. Siku ya nne mama yule alirudi ofisini. Hakukaa. Alisimama mlangoni na bahasha yake, akaniangalia mimi, si msimamizi, akasema taratibu, "Binti, mimi nilikuja ofisini. Sikuja mwaloni." Akageuka. Shauri lake hakulifuatilia tena pale, na mimi sikuambiwa liliishia wapi.

Msimamizi aliniuliza swali moja tu: "Uliandika wapi?" Nikafungua logibuku. Tarehe, na ukurasa mtupu.

Nilipewa alama ya kufeli. Nikakeri fildi, nikairudia mwaka uliofuata, nikahitimu nyuma ya wenzangu. Siku ya mahafali yao nilikuwa nimekaa upande wa wageni na simu zao mkononi, nawapiga picha wamevaa majoho. Baba mkubwa alipata la kusema kwa mwaka mzima. Adhabu naikubali, sijawahi kuipinga. Ila ninachokiuguza ni kwamba mhadhiri wa kunikagua alikuja mara moja, akakaa kama dakika 20, akaangalia kama mahudhurio yamesainiwa. Hakuna aliyeniuliza, "Jana ulisikia nini, na umekiweka wapi?" Mama mdogo peke yake ndiye aliuliza. Ndiyo maana nilimjibu yeye.

Sasa mdogo wangu, mbinu ulizoomba. Andika siku ile ile. Kabla hujala, kabla hujashika simu, andika. Tumia herufi badala ya majina na daftari likae ofisini, lisilale kwenu. Usilotua kwenye karatasi utalitua kwa mtu. Mimi nilidhani siri inatunzwa kwa kuwa na roho nzuri, na roho nzuri ndiyo iliyosema. Mdai msimamizi wako dakika kumi kila siku, hata kama anakimbia, mfuate mpaka kwenye bodaboda. Ukikosa kabisa, andika tena. Na usiombe fildi mtaani kwenu kwa ajili ya kuokoa kodi. Nenda Kibondo, nenda Uvinza, nenda hata Urambo, mahali ambapo shangazi yako hajui mume wa mtu yuko wapi.

Najua kuna atakayesema, "Na hapa si umesema tena?" Nimejiuliza hilo kwa miezi. Nimebadilisha nilichoweza, na nisichoweza kubadilisha nimekiacha nje. Kama bado unaona nimekosea, niambie, lakini niambie pembeni.

Nyinyi vijana mnapenda kuniuliza GPA, GPA, GPA. Hakuna mteja atakayekuuliza GPA. Atakuja na bahasha yake, atakupima kwa macho kabla hajafungua mdomo, na akishakufungulia huwezi kumwambia samahani, nilikuwa nafanya mazoezi. Someni hizo kanuni saba, sawa, lakini msizisome kama mnavyosoma tarehe za historia. Chukua moja kila wiki, ijaribu na watu wa geto lenu. Mwenzako akikwambia ana sapu, mtihani wa kurudia, ikae kwako. Ukishindwa kukaa na sapu ya mtu, utakaaje na ndoa yake?

Kuhusu ajira. Huku kwetu wengi wanasoma ustawi wakiwaza kambi za wakimbizi, na siwacheki, hata mimi nina mkataba kwenye shirika la kambini. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, Nduta ilijaa Warundi kuanzia 2015, na tumekua tukiona magari meupe yakipita na watu wenye vitambulisho shingoni. Lakini Mtendeli ilifungwa 2021. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na kila Desemba silali vizuri. Kuna halmashauri, hospitali, makao ya watoto, magereza. Omba kote, omba tena.

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kununua kitu, kitu gani siandiki. Nilikuwa nimeshainama kuchagua ndipo nikatambua mikono ya muuzaji. Naye alinijua. Nikamwamkia, akaitikia. Alinipimia kopo mbili, akasawazisha juu kwa kiganja mpaka zikalingana na ukingo, akanifungia, akanirudishia chenji yangu kamili. Nyongeza hakuweka.