Muulize Bibi Shamba: Mtama mfupi wa dukani na mtama mrefu wa bibi

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Niko Newala. Msimu huu nilinunua mbegu ya mtama mfupi mweupe, nikapanda Desemba mvua zilivyoanza tu. Mwezi wa nne masuke yameiva na mvua bado ipo, punje zikashika ukungu, nyingine zikachipua humo humo kwenye suke. Mtama wa bibi yangu pembeni, ule mrefu, umetoka msafi. Niachane na mbegu za kisasa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mbegu haina kosa, tarehe ndio ina kosa. Mtama mfupi, kama ile mbegu ya kisasa iitwayo Macia, unaiva kwa siku 110 hadi 120 hivi, hesabu mwenyewe kuanzia Desemba uone unaangukia wapi. Huku kwetu mvua za msimu mmoja zinafika Aprili, kwa hiyo mbegu ya namna hiyo ipande mwishoni mwa Januari au Februari mwanzoni ili ikomae mvua zikiwa zinaaga.

Sasa wa bibi yako. Mtama wote huu tunaolima ni spishi moja, Sorghum bicolor, ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan kama miaka 5,000 iliyopita. Mwaka 1972 watafiti wawili, Harlan na de Wet, waliugawa makundi matano makubwa na hawakujali rangi kabisa, waliangalia suke, punje na kumvi (yale maganda yanayoshika punje) basi: bicolor, guinea, caudatum, kafir na durra. Durra kwa mfano suke limefumba kama ngumi na mara nyingi shingo imepinda, huo ni wa nchi kavu, Sudan, Ethiopia mpaka India, ukiuleta kwenye unyevu wa Newala umeutafutia ukungu mwenyewe. Mtama mrefu wa kusini, wenye suke lililolegea linaninginia, mara nyingi ni wa kundi la guinea, ambalo kwao hasa ni Afrika Magharibi ila lipo pia Malawi na kusini mwa Tanzania. Upepo unapita katikati ya suke, na ukikomaa kumvi zinafunguka wazi punje inageuka ubavu hapo katikati, maji yakiingia yanatoka. Punje zenyewe ngumu, fukusi wanapata tabu nazo, na ukitwanga kwenye kinu ganda linatoka punje inabaki nzima, wakati punje laini zinavunjika vunjika nusu inaishia kwenye pumba (akina mama mnanielewa).

Halafu mtama huo mrefu una akili ya ajabu, unasoma urefu wa siku, yaani saa za mwanga. Upande Desemba, upande Januari, unasubiri siku zianze kufupika ndio utoe maua, kwa hiyo unaiva mvua ikiwa imekatika. Mimi huwa nakereka nikisikia wenzangu wa kilimo wanauita mbegu duni. Mavuno yake ni madogo ukilinganisha na mfupi uliotunzwa vizuri, hilo kweli, na mwaka ambao mvua inakata mapema utakuacha na mabua tu. Ndio maana mi nakwambia panda yote miwili, kila mmoja na tarehe yake.

SWALI: Bibi shamba, hapa Nachingwea wanasema mtama mwekundu ni mchungu na haufai uji wa mtoto, mweupe ndio salama. Ni kweli?

JIBU: Rangi ya nje inadanganya watu wengi. Uchungu unaletwa na tanini, na tanini inakaa kwenye utando mwembamba chini ya ganda, sio kwenye ganda lenyewe. Kuna mtama mwekundu mzuri tu ambao utando huo hauna. Chukua punje, kwangua ganda taratibu kwa wembe, ukikuta tabaka la kahawia limezunguka punje huo una tanini, ukikuta weupe moja kwa moja hauna. Wenye tanini sio sumu, ila unashikana na protini mwilini chakula kisitumike vizuri, kwa hiyo kwa mtoto tafuta usio nayo. Lakini usiutukane, ndege hawaupendi punje zikiwa bado changa zina maji meupe kama maziwa, na mwenye shamba kando ya pori bila mtu wa kuamia anajua thamani ya hilo.

SWALI: Mimi wa Lindi vijijini. Tunapanda kota, ule mtama wa bua tamu, ukingoni mwa shamba la mtama, watoto wanatafuna. Sasa naona kwenye mtama wangu baadhi ya mabua yamekuwa matamu na punje zimefunikwa na kumvi. Pia baada ya kuvuna, mbuzi wawili walikula machipukizi ya mtama wakafa hapo hapo. Watu wanasema nimerogwa.

JIBU: Hakuna aliyekuroga baba. Kuhusu mbuzi, machipukizi machanga ya mtama yana kitu ambacho kikitafunwa kinatoa sayanidi, ni sumu kali, na ukiwa umepigwa na ukame ndio zaidi. Usiwaache mbuzi waingie mpaka machipukizi yapite urefu wa kiuno, au kata uanike yakauke kabisa ndio uwape. Ukimuona mnyama anahema kwa shida anayumba, mpigie daktari wa mifugo muda huo huo, ukisubiri kesho hutamkuta.

Na hayo mabua matamu ni kota yako. Mtama unajichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, ila chavua kidogo inabebwa na upepo, na mara nyingi mwaka wa kwanza huoni kitu, ni mbegu ya mchanganyiko ule ukiipanda tena ndio inajitokeza. Kota ihamishie nyuma ya nyumba, mbali na shamba. Mbegu chagua kabla ya kuvuna, masuke ya katikati ya shamba na sio ya ukingoni, uyafunge kamba uyajue, na yale mabua matamu waachie watoto wayamalize ila punje zake zisirudi kwenye ghala la mbegu.