Ukitaka kuielewa Lamu, pitia Gedi kwanza

Ndugu wa Nakuru, umeuliza kama siku tano zinatosha kuona miji ya kale huku Pwani ukiwa na watoto, na naona karibu kila mtu amekwambia Fort Jesus kwa muda wa saa moja tu halafu mwende zenu ufukweni Pirates mkaogelee. Mie nakataa. Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nimeitembea hii miji na wageni na peke yangu, na ninalotaka ulishike ni mpangilio tu: Mombasa, kisha Gedi, yale magofu ya karibu na Malindi, kisha Lamu. Gedi usiiruke. Watu hupanda basi moja kwa moja mpaka Lamu wakaona vichochoro na punda na milango ya nakshi, wakapiga picha wakarudi, na hawajui walichokiona ni nini.

Fort Jesus ingieni asubuhi mapema, jua likikolea pale uwanjani hapakaliki na watoto. Wareno walianza kuijenga 1593. Watoto watakimbilia mizinga, waache, lakini uwapeleke pia kule ndani kwenye vitu vilivyotolewa baharini kutoka kwa Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo hapo chini ya ngome 1697 wakati Waomani wameizingira, na mzingiro wenyewe ulianza 1696 haukuisha mpaka 1698. Baadaye Waingereza wakaifanya jela, toka 1895 hadi 1958, kwa hivyo wazee wa hapa wameijua kama jela kabla haijawa makumbusho. Mkitoka shikeni barabara ya Ndia Kuu taratibu, angalieni milango na roshani za mbao, jioni mle viazi karai na mishkaki. Inaniuma nikisema, lakini njooni mapema maana kila mwaka naona nyumba nyingine ya zamani imeanguka au imevunjwa, panainuka gorofa isiyo na hata baraza la kukaa.

Sasa Gedi. Pandeni matatu za Malindi mshuke Gede, hapo tuktuk ziko. Ni mji mzima ndani ya msitu, ekari kama 45 ndani ya ukuta wa nje, watu walihama kabisa karne ya 17 na mpaka leo kuta zimesimama, mizizi imezikamata, kima wanaruka juu. Kuna kaburi lina mwaka wa Hijria ambao ni sawa na 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba pale 1948, ndiye huyo huyo aliyekuja kuchimba Fort Jesus, na nyumba zikapewa majina kwa vilivyookotwa ndani yake, nyumba ya mkasi, nyumba ya sarafu za Kichina, watoto wanapenda sana hiyo sehemu. Wewe mzazi angalia vyumba. Utaona ni virefu lakini vyembamba, vingi havifiki mita tatu kwa upana, na sababu ni kwamba dari lilibebwa na boriti za mikoko, sasa chumba kinapanuka mpaka pale boriti inapofika, basi. Angalia kiwanda cha ndani, yaani ua ulio wazi katikati ya nyumba, choo kikiwa mle mle ndani ya nyumba, kisima cha msikiti na pale pa kutawadhia. Dari hakuna, kwa hivyo mji wote uko wazi unausoma kutoka juu hadi chini. Mchukue mtembezaji wa pale pale, na asiwakimbize, mwambieni mapema mna muda.

Mkilala Malindi, alfajiri mnapanda basi la Lamu, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, hapo mnaingia boti. Ulizeni hali ya njia siku moja kabla, na kila mtu mzima awe na kitambulisho, hata kwa kiingilio cha makumbusho Mkenya analipa kidogo kuliko mgeni.

Na hapo ndio utaniamini. Ukiingia nyumba ya kale Lamu utakuta daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda, misana (kumbi ndefu zinazotazama kiwanda), zidaka (vishubaka) zimepangwa ukutani, na vyumba ni vile vile vyembamba ulivyoviona Gedi, ila huku boriti ziko juu, kuna mtu anapika, kuna watoto wanatoka chuo cha Kurani. UNESCO waliiingiza Lamu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2001, Gedi imesubiri mpaka 2024, na mie naona zilistahili kwenda pamoja. Kuvaa mvae kwa heshima na kina mama msiwapige picha bila ruhusa, huo ni mtaa wa watu. Laleni siku mbili, jioni moja mtembee kwa miguu mpaka kijiji cha Shela maji yakipwa.

Siku zikipungua toa Lamu, usitoe Gedi. Lamu ya nusu siku ni nauli ya bure. Badala yake ingia Jumba la Mtwana hapo Mtwapa, magofu ya karne ya 14 pembeni kabisa ya bahari, ni karibu na mji na hakuna msongamano.