Tochi ndogo za mwanga wa rangi: nyekundu, kijani au bluu?

Mkuu, umeuliza kati ya tochi ya mfukoni yenye mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu uchukue ipi kwa matumizi ya usiku, na kama kifuniko chekundu cha plastiki juu ya tochi nyeupe kinatosha. Nimekaa na zote tatu miaka mingi, hasa kwenye kutazama nyota na kulala porini. Jibu langu ni nyekundu, ila kuna jambo lina uzito kuliko rangi yenyewe, nalo ni swichi.

Kwanza kwa nini nyekundu. Jicho lina seli za mchana zinazotambua rangi, na seli za gizani zisizojua rangi lakini zenye kunasa hata mwanga hafifu kabisa. Hizi za gizani huchukua kama nusu saa kuamka sawasawa. Zinahisi zaidi mwanga wa nanomita 500 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, unaoamua rangi yake), yaani kijani kinachoelekea bluu, na ukifika kwenye nyekundu ya nanomita 620 kwenda juu hazishtuki sana. Ndiyo maana unaweza kusoma ramani ya nyota kwa mwanga mwekundu hafifu, ukainua uso, na nyota zile ndogondogo bado zipo.

Sasa swichi. Tochi nyingi zenye rangi mbili au tatu zina kitufe kimoja kinachozunguka: nyeupe, nyekundu, kisha kumweka. Ukitaka nyekundu lazima upite kwenye nyeupe, na nyeupe hiyo ikikupiga machoni, nusu saa yako imepotea. Nyingine huwaka vizuri kwa nyekundu, lakini ukitaka kuzima inabidi upite tena kwenye nyeupe. Hiyo siinunui hata iwe nzuri namna gani kwa mambo mengine. Tafuta yenye kitufe cha nyekundu peke yake, au yenye kukumbuka rangi uliyozimia.

Kifuniko cha plastiki sikishauri. LED nyeupe kwa kawaida ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa manjano, kwa hiyo nyekundu iliyomo ni kidogo. Kifuniko kinatupa sehemu kubwa ya mwanga huku betri ikiliwa vilevile, na vile vya bei rahisi huvujisha rangi nyingine. Unaweza kujionea: chukua CD, igeuze upande unaong'aa, imulike kwa kuinamisha. LED nyekundu halisi itaonyesha utepe mmoja mwekundu tu. Kifuniko kibovu kitakuonyesha nyekundu, halafu pembeni yake machungwa na hata kijani.

Na hata nyekundu halisi ikiwa kali inaharibu macho kuzoea giza. Watengenezaji wanapenda kutaja lumeni nyingi, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, lakini kwa kazi hii mwanga unaohitajika ni wa kuonea ukurasa ulio mkononi, basi. Yenye viwango viwili vitatu vya ukali, kile cha chini kiwe hafifu kweli, ndiyo ya kuchukua.

Udhaifu wa nyekundu uko kwenye ramani za kawaida. Karatasi nyeupe na wino mwekundu vyote vinarudisha mwanga mwekundu karibu sawa, kwa hiyo mstari unayeyuka. Nimewahi kufuatilia barabara iliyochorwa kwa wekundu, kidole kiko juu yake kabisa, na nilichokuwa nakiona ni karatasi tupu. Damu kwenye kitambaa cheupe nayo ni hivyohivyo. Ukimhudumia mtu aliyejikata usiku, washa nyeupe bila kusita, nyota zitasubiri.

Hapo ndipo kijani inapokuwa na faida. Chini yake mstari mwekundu unageuka mweusi na kusomeka wazi. Jicho la mchana nalo linahisi zaidi nanomita 555, ambayo ni kijani, hivyo mwanga kidogo tu unakupa picha nzuri. Lakini seli za gizani pia zinaihisi sana, na usitegemee lumeni kulinganisha, maana lumeni hupimwa kwa jicho la mchana. Tochi ya kijani na ya nyekundu zenye lumeni sawa, gizani ya kijani itakung'aria mno. Kwa msoma ramani ni sawa, kwa mtazama nyota hapana.

Bluu mimi nimeiacha. Jicho haliwezi kuikusanya vizuri, maandishi madogo yanakuwa na ukungu kingoni, na ndiyo rangi inayochelewesha usingizi zaidi kwa sababu inazuia melatonini, homoni ya mwili inayoleta usingizi. Wapo wanaoisifia kwa kufuatilia damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Damu haiwaki chini ya bluu, inaonekana nyeusi tu, na kwenye majani mabichi yaliyokwisha kuwa na giza sioni kinachopatikana.

Kuhusu betri: LED nyekundu huhitaji volti 2 hivi, wakati kijani, bluu na nyeupe huhitaji karibu 3. Kwenye vile vitochi vya funguo vinavyotumia betri ya kidonge ya volti 3, betri ikianza kuchoka kijani na bluu hufifia mapema, nyekundu ikaendelea kuwaka. Vya betri moja ya AA ya volti 1.5 vina saketi ya kupandisha volti ndani, hivyo tofauti hiyo huioni.

Ukipata ya kujaribu, ingia nayo chumba chenye giza, bonyeza mara moja na uangalie rangi inayotangulia, kisha izime uone inapitia wapi.