Maswali ya Wasomaji: Chupa Mbili na Mwaliko wa Lamu

SWALI: Bi Mhariri, mimi na mume wangu ni walimu wastaafu, Wakristo, na tunaishi Malindi. Tulipokuwa chuo cha ualimu, zaidi ya miaka 30 iliyopita, tulikuwa na rafiki wa Lamu ambaye tulisoma naye, tukala naye na, niseme kweli, tukanywa naye. Siku hizi yeye ni Alhaji. Mwezi uliopita alitupigia simu akatualika kwake, mtaa wa Mkomani, tukale chakula cha mchana atakachopika mkewe mwenyewe. Tutafuatana na jirani yetu Mwitaliano, ambaye pia anafahamiana naye tangu zamani, na jirani huyo ameshanunua chupa mbili za mvinyo mwekundu kwa sababu kwao, asema, mtu haendi kula kwa rafiki mikono mitupu. Mume wangu anataka tumuulize mwenyeji kwanza, maana pengine atafurahi kukumbushwa zamani. Mimi moyo unasita. Tufanyeje? Na tukiacha mvinyo, tubebe nini?

JIBU: Mwalimu, chupa hizo ziacheni Malindi, na wala msimuulize mwenyeji. Najua ushauri wa mumeo unaonekana kuwa ndio adabu yenyewe, lakini mtu wa Lamu aliyekwisha kukualika nyumbani kwake hawezi kukujibu kwamba usije na kitu fulani bila kujiona amekufukuza. Atasema, "Karibuni tu, njooni kama mlivyo," kisha siku zote zilizobaki atakuwa akifikiri atamwambia nini mkewe.

Makatazo ya pombe kwa Waislamu hayaishii kwa mnywaji. Hadithi mashuhuri ya Mtume inataja watu kumi, miongoni mwao anayeikamua, anayeimimina, anayeibeba na anayebebewa, kwa hiyo kumwambia Alhaji kwamba si lazima yeye anywe hakumpunguzii chochote. Wapo wengi ambao hawaketi kabisa penye chakula ikiwa pombe inapitishwa hapo.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu katika nyumba moja ya mawe mjini Lamu. Mgeni mmoja alimkabidhi mtoto mfuko mlangoni, na mtoto, asijue, akaitoa chupa iliyokuwa imefungwa gazeti akaipanga kwenye kidaka cha ukutani pamoja na chupa za sharubati. Tulipokuwa katikati ya kula, bibi mwenye nyumba akaagiza sharubati ya zabibu. Kifuniko kilikuwa cha kuzungusha, kikafunguka bila taabu, na bibi yule alikuwa amekwisha kujaza bilauri nzima kabla harufu haijamfikia puani. Hakusema neno. Aliiweka bilauri chini taratibu, akainuka akaenda kunawa mikono, na sinia likaondolewa likiwa na nusu ya wali.

Ama kuhusu kukumbuka zamani, naomba mumeo anisikilize vizuri. Kijana mliyekunywa naye chuoni siye atakayewafungulia mlango, na huenda mkewe hajawahi kusikia habari za usiku ule ambao ninyi mnaukumbuka kwa kicheko. Wanawe ndio kabisa. Vituko hivyo viacheni pamoja na chupa. Hamtakosa la kusema: kuna wakufunzi wenu, kuna uji wa chuo, kuna wenzenu waliotangulia mbele ya haki, na huyo Alhaji bila shaka ana orodha yake ya majina ya kuwaulizeni.

Mwitaliano aambiwe leo, asingojee kuambiwa jetini Mokowe, mnakopandia boti ya Lamu, akiwa na mfuko mkononi. Akidai kwamba mvinyo si mgeni katika pwani hii, na kwamba hata neno lenyewe tulilipata kwa Wareno kama tulivyolipata neno meza, mwambieni kwamba kwa upande wa lugha amesema kweli, ila hiyo meza nayo huenda asiione, kwa kuwa nyumba nyingi za huko mgeni huandaliwa mkekani. Kama hataki kwenda mikono mitupu, na abebe kahawa nzuri ya kwao au mafuta ya zeituni. Chokoleti pia zinafaa, mradi asome maandishi ya boksi, kwa sababu baadhi huwa na pombe ndani. Asije na tiramisu, ambayo mara nyingi hutiwa mvinyo wa Marsala, wala soseji ambazo hana hakika ni za nyama gani.

Ninyi bebeni korosho, na maembe ikiwa ni msimu. Halua msibebe, watu wa Lamu wana halua yao na wana maoni yao kuhusu za wengine. Kwa mwenye nyumba, jozi moja ya leso inatosha, ila isome kabla ya kuilipia. Leso nyingi zimeandikwa mafumbo, na ni aibu kumpelekea mwenyeji wako kijembe kilichokusudiwa mke mwenza.

Siku yenyewe fikeni mapema, ili adhana ya adhuhuri iwakute mmekwisha kuamkiana na Alhaji aende msikitini bila kuwaacha njiani. Usishangae mkitenganishwa, mumeo na jirani yenu wakakaa na wanaume sebuleni, wewe ukaingia ndani na wanawake; huko ndiko utakakopata mazungumzo yenye ladha zaidi. Chakula kitaletwa kimefunikwa kawa, na birika ya maji ya kunawia itapitishwa kwanza. Kula kwa mkono wa kulia, upande wa sinia ulio mbele yako. Ikiwa ni samaki wa kupaka, mwenyeji atamchambua miiba kwa vidole vyake na kukusogezea mnofu juu ya wali wako, tena na tena, naye atakuwa akikutazama kama unaula. Ule. Usimrudishie kwa kusema umeshiba, angalau si mara ya kwanza.

Zile chupa mbili hazitapotea. Safari ya gari ya zaidi ya kilomita 200 juani hadi Mokowe ingeweza kuziharibu hata hivyo. Mkirudi Malindi, zifungueni kwenu, baada ya kuziweka katika friji kwa muda, kwa kuwa mvinyo mwekundu hunyweka vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 18 na nyumba zetu huku hukaribia 30.

SWALI: Bi Mhariri, mimi ni mama wa Kiislamu hapa Malindi. Rafiki yangu wa utotoni, Mgiriama na Mkristo, amenialika chakula cha mchana kwake, na nimesikia kwamba mvinyo utakuwapo. Sitaki kumvunja moyo baada ya urafiki wa miaka mingi. Nisingizie ugonjwa?

JIBU: La, mama, usisingizie ugonjwa, rafiki wa utotoni atakuja na uji kukuzuru, na hapo utakuwa na uongo wa pili wa kutunga. Mpigie simu umwambie kwamba unakuja kumwona yeye, na umwombe mvinyo usubiri mpaka wewe uwe umekunywa kahawa yako na kuaga. Huyo amekulia Malindi na Waislamu, kwa hiyo hutakuwa unamfundisha kitu kipya. Sitashangaa ukikuta kuku amekwisha kuchinjwa na jirani Mwislamu kwa ajili yako, kama familia nyingi za Kikristo za huku zifanyavyo zikialika.

Kitu kimoja muulize bila haya, nacho ni kama mvinyo umetiwa katika mchuzi. Watu hudhani moto huimaliza pombe yote, lakini mchuzi uliotokota nusu saa hubakiza takriban asilimia 35 ya pombe iliyotiwa, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki kama asilimia 5. Akikuuliza utakunywa nini, mtajie maji ya ukwaju siku hiyo hiyo ya simu, apate muda wa kuuroweka.