Gesi ya Nyota Inayokufa: Imejulikanaje?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Nimeona picha ya nebula ya sayari (wingu la gesi ya nyota inayokufa) yenye umbo la pete, na maelezo yake yanasema ina oksijeni. Wataalamu wamejuaje, ilhali hakuna aliyefika huko? Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu msomaji. Wamejua kwa mwanga wake. Nyota mfano wa Jua ikizeeka hutoa gesi ya tabaka zake za nje, na kiini kinachobaki, kilicho na joto kali mno, huifanya gesi hiyo ing'ae. Kila elementi hutoa rangi zake maalumu; ndiyo maana mwaka 1864 mnajimu Mwingereza William Huggins, alipoupitisha mwanga wa nebula moja kwenye miche ya kioo inayotenganisha rangi, aliona mistari michache tu inayong'aa, akatambua kuwa ni gesi. Mstari wa kijani uliwatatiza wataalamu kwa zaidi ya miaka 60, wakadhani ni elementi mpya, mpaka mwaka 1927 mwanafizikia Mmarekani Ira Bowen alipothibitisha, kwa hesabu ninayoistahi sana, kuwa ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Umbo nalo husomwa humo humo, kwa mwendo wa gesi: mistari ikisogea kidogo upande wa buluu, gesi inatujia, ikisogea upande wa nyekundu, inatukimbia.